Malkia Nge Hasemi

Siku Meneja alipoliona lile tangazo, alikuwa kwenye duka la fotokopi akimsaidia mtu mmoja kupata shahada ya chuo ambacho mtu huyo hajawahi kukikanyaga. Karatasi ilikwama kwenye mashine, na wakati mwenye duka anaivuta kwa kucha, Meneja akainua macho ukutani. Hapo ndipo riziki yake ilipokuwa imebandikwa, kati ya bei za kudurufu na onyo la kutoegemea kioo.

Tangazo lilisema kwamba baada ya wiki tano kutakuwa na tamasha la mashabiki wa michezo ya video kwenye ukumbi wa maonyesho. Kutakuwa pia na shindano la mavazi: unachagua mhusika wa mchezo wowote, unatengeneza vazi lake kama linavyoonekana kwenye skrini, linavaliwa na kupitishwa mbele ya waamuzi. Mtengenezaji wa vazi bora atapewa cherehani mpya ya kudarizi inayoendeshwa kwa kompyuta, yenye sindano kumi na mbili. Picha yake ilikuwa pale chini, inang'aa, na Meneja alishamjua mtu mwenye kiwanda kidogo ambaye angeinunua bila kuuliza ilikotoka.

Jina la Meneja hakulipata kazini, maana kazini hajawahi kwenda. Alipewa na mtaa kwa kipaji chake cha kusimamia vitu vya watu. Nyumba za watu alizipangisha, magari ya watu aliyauza, na kuna harusi moja aliikusanyia michango mpaka bwana na bibi harusi wakashtuka kusikia kwamba wanaoana. Mchezo wa video hakuwahi kuushika. Kushona hakujua hata kifungo. Mtu mwingine angeona hizo ni sababu mbili za kupita zake. Meneja aliona ni sababu mbili za kutafuta watu wawili.

Mtu wa kwanza alikuwa Fundi. Mwanamke huyu alishona sare za shule kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye cherehani kuukuu iliyoruka mishono kila ikichoka. Sare alizijua. Kilichomtesa ni nembo. Kila sweta la shule linataka nembo kifuani, na yeye hakuwa na mashine ya kudarizi, kwa hiyo aliyapeleka masweta kwenye duka kubwa upande wa pili wa soko. Duka lile lilidarizi vizuri, likatabasamu, likauliza kwa upole oda imetoka shule gani, na mwaka uliofuata shule hiyo ilishonewa palepale. Kwa upole huo Fundi alishapoteza shule tatu. Ilibaki moja, na aliogopa sana kuipoteza.

"Dada Fundi," Meneja alisema akiwa bado mlangoni, "mikono kama yako inateseka bure hapa."

"Umekuja kuchukua suruali au kunihurumia? Suruali iko tayari."

"Suruali itasubiri. Nimekuletea cherehani ya kudarizi."

Fundi aliitazama mikono ya mgeni wake, akaiona mitupu. "Umeiacha nje?"

Meneja akavuta kiti na kueleza. Fundi atashona vazi. Yeye atashughulikia utawala: fomu, usafiri, waamuzi, na mengine yote yanayomchosha msanii. Cherehani ikishapatikana ni ya Fundi, sindano zote kumi na mbili.

"Na wewe utapata nini, kaka?"

"Mimi? Furaha ya kuona msanii anatambuliwa."

Alisema hivyo bila kucheka, na hapo ndipo unapotofautisha mzoefu na mwanafunzi.

Kwenye kona, mguu ukiwa juu ya stuli, alikaa mama mkwe wa Fundi. Alivunjika mguu kwa kuteleza bafuni, na mwanawe, dereva wa malori ya mbali, alimwachia simu yake ya zamani ili asikilize mahubiri. Mahubiri aliyasikiliza siku mbili. Siku ya tatu aligusa mahali pasipo pake, ukafunguka mchezo unaoitwa Milki ya Mchanga, na tangu hapo hakuonekana tena duniani. Alikuwa amefika hatua ya sitini na moja.

"Shikamoo, bibi," Meneja alisema, maana adabu haigharimu kitu.

"Subiri kidogo, nakufa."

Meneja akanyanyuka nusu. Simu ikatoa mlio wa huzuni. Bibi akashusha pumzi.

"Nimeshakufa. Marahaba, mwanangu. Kama ni vazi, mshone Malkia Nge. Uso wote umefunikwa, mwili mzima magamba, miguu minane, mkia unapita juu ya kichwa. Hakuna mwenye akili atakayejaribu kumshona."

Masikio ya Meneja yalichukua maneno matatu tu, uso wote umefunikwa, yakafunga mlango. Kwa hiyo hakusikia bibi alipoendelea kwamba Malkia Nge alikatwa ulimi na kaka yake kwenye hatua ya nne, na tangu hapo hasemi, anaonyesha kwa gando.

Mtu wa pili alikuwa Bosi wa Simu, muuzaji na mtengenezaji wa simu wa barabara ya juu, mwanamume wa tumbo na msimamo. Msimamo wake ni kwamba hapendi mambo ya haramu yasiyo na faida. Mwaka jana alimkimbiza mteja barabara mbili kwa ajili ya chaja, na tumbo lile lote akamkamata. Sponji ngumu za kufungia mizigo zilirundikana dukani kwake mpaka darini.

"Wewe unatoa sponji, rangi na taa," Meneja alimwambia. "Mimi natoa mipango. Cherehani ni yako, na mnunuzi ninaye."

"Na fundi?"

"Fundi anafanya kwa mapenzi ya sanaa."

Bosi alifurahi kusikia bado kuna watu wa aina hiyo. "Na atakayelivaa?"

"Nimekodi mvaaji wa kimataifa. Lugha yetu haisikii hata kidogo."

"Anaitwa nani?"

"Jina lake ni refu."

Bosi akatoa sponji magunia mawili na rangi makopo sita. Taa alizitoa kwenye simu ambazo wenyewe walikuwa wameambiwa wavute subira, spea iko njiani. Cherehani moja sasa ilikuwa na wenyewe wawili, na yule wa tatu, aliyewaahidi, ndiye aliyekusudia kuondoka nayo.

Kazi ikaanza. Fundi alikata sponji kwa wembe, akaipasha juu ya pasi mpaka ikalegea, akaikunja kwenye goti lake mwenyewe ili ipoe na umbo la gamba. Magamba yalikuwa mia mbili na kitu. Kila moja alilivika ngozi ya bandia iliyotoka kwenye kochi lililokufa, akalipaka rangi mara tatu, akalishona juu ya lingine. Miguu minane aliitia waya ndani. Mama mkwe alilinganisha kila kitu na simu yake, bila huruma.

"Kiuno hicho cha nani?"

"Cha Malkia, Mama."

"Malkia hana kiuno hicho. Hicho ni cha mwenye nyumba wetu. Fumua."

Fundi akafumua. Alikuwa amechoka, vidole vimetoboka, na oda mbili za mapazia alizikataa. Lakini alipolitazama vazi linavyoning'inia kwenye kenchi, moyo wake ulijaa, maana hajawahi kushona kitu ambacho mtu akipita barabarani anarudi kinyumenyume kukitazama.

Meneja alikuja kupimwa wiki ya tatu. Eti waigizaji wote wa mjini wana safari, itabidi ajitolee mwenyewe.

"Ombi moja tu, Dada Fundi. Kofia isivuke. Mtu akivuta, isivuke. Hata mimi nikivuta."

"Kwa nini?"

"Wivu. Hujui watu wa mashindano. Wanaweza kukuvua mbele za watu."

"Sawa. Na mimi nitakaa wapi siku hiyo?"

Meneja akaweka mkono kifuani. "Hapo ndipo roho inaponiuma. Mafundi hawaruhusiwi ukumbini. Sheria za tamasha. Wewe pumzika nyumbani, cherehani nitakuletea mpaka mlangoni."

Fundi akaamini, au tuseme alikuwa na haja kubwa ya kuamini.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Meneja ilikatwa na mtu mwenye bidii. Wiki ya nne Bosi wa Simu alileta gunia la mwisho la sponji yeye mwenyewe. Aliketi kwenye benchi, akamtazama Malkia Nge kenchini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi nzuri, mama. Cherehani yangu hiyo naiona kabisa."

"Cherehani yako ipi?"

"Ile ya zawadi. Meneja hakukwambia? Mimi ndiye mdhamini, zawadi inakuja kwangu. Ila nimesikia wewe unafanya kwa mapenzi ya sanaa. Mungu akubariki sana."

Mkasi wa Fundi ulisimama katikati ya kitambaa. "Amina," alisema. "Hongera, Bosi."

Bosi alipoondoka, mama mkwe hakuinua macho kwenye simu. "Umeuzwa, mwanangu."

"Nimesikia, Mama."

Fundi alilia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, tena hasira ya kujiona mjinga, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Kisha akajifuta kwa kipande cha bitana.

"Nikimfukuza, vazi atalivaa nani? Nimelikata kwa vipimo vyake. Fomu ameshaipeleka, na bila shaka ameandika jina lake. Siku zimebaki nane."

"Kwani lazima umfukuze?" Bibi aliusimamisha mchezo, jambo ambalo hata chakula hakikuwahi kuliweza. "Nilishazisoma sheria za tamasha humu kwenye simu. Hamna popote palipoandikwa fundi asiingie. Kuna kiingilio tu, na wazee ni bure. Halafu sikiliza ya kumi na moja: mtengenezaji atalifungua vazi lake mbele ya waamuzi, ili mishono ya ndani ikaguliwe."

Wakatazamana, mtu na mkwewe, kwa mapenzi ambayo hawakuwahi kuwa nayo tangu siku ya harusi.

Mchana ule Fundi aliing'oa zipu ya mgongoni. Mahali pake akashona kulabu kumi na tisa, zote chini ya magamba, kwa safu tatu, mgongoni, ubavuni na shingoni, kila moja ikiibana inayofuata. Usipoanza na ya kwanza ya safu, ya pili haitoki. Na ya kwanza ya kila safu aliijua yeye peke yake. Meneja alitaka kofia isivuke, na mteja ni mfalme.

Asubuhi ya tamasha ilichukua saa nzima kumvika. Meneja alisikia kulabu zikiingia moja moja mgongoni, ubavuni, shingoni, akasifu uimara wake. Kwa kuwa malkia mwenye mkia hakai, alisafirishwa wima nyuma ya pikapu ya kukodi, ameshika bomba. Fundi akampungia mkono kwa unyonge mpaka gari likakata kona. Kisha akafunga duka, akampa mama mkwe gongo lake, wakatoka.

Ukumbi ulijaa watu wenye mapanga ya plastiki na nywele za buluu. Malkia Nge alipopita, taa za simu za watu zikiwaka machoni, miguu minane ikicheza ubavuni, kelele zilipanda mpaka kwenye mabati. Bosi wa Simu alikuwa mstari wa mbele, amevaa suti.

"Yule ni wangu!" aliwaambia majirani. "Amekodiwa kutoka nje!"

Malkia akafika kwenye meza ya waamuzi. Nyuma yake ilisimama cherehani, imefungwa utepe mwekundu. Mwamuzi mkuu alikuwa mama aliyeshona mavazi ya jukwaani kwa miaka thelathini, na alikuwa na tabia mbaya ya kutazama ndani ya nguo.

"Fomu inasema mtengenezaji na mvaaji ni mtu mmoja," alisoma. "Ndiwe uliyeshona hili vazi?"

Meneja alikuwa ameandaa hotuba. Aliifanyia mazoezi siku tatu, ina machozi katikati. Akafungua kinywa, na ndipo kupitia matundu ya kofia akaliona tumbo la Bosi limesogea mpaka mezani, hatua tatu kutoka kwake. Sauti ya Meneja ilijulikana mjini kote, ndiyo mtaji wake. Akafunga kinywa. Akaitikia kwa kichwa, na mkia nao ukaitikia.

"Hasemi!" mwamuzi kijana alishangilia. "Ameshika uhusika! Malkia Nge hana ulimi!" Akamwongezea alama.

"Vizuri," mwamuzi mkuu alisema. "Fungua sasa, tuone ndani."

Malkia Nge alipeleka gando la kulia mgongoni. Halikufika. Akapeleka la kushoto, likakwama kwenye mguu wa tatu. Akajaribu kuvuta kofia, na kofia ilikuwa imeshonwa na mtu anayetii maagizo. Alizunguka pale mara mbili kama kuku aliyefungwa kamba. Watu wakaanza kucheka.

"Umeshona mwenyewe, na hujui linapofungukia?"

"Anafunguliwa na fundi wake," ilisema sauti nyuma.

Fundi alipita katikati ya watu, kifuko cha pini kikiwa mkononi kama kawaida yake, mama mkwe akimfuata kwa gongo. Hakumtazama Malkia machoni. Aliingiza vidole chini ya gamba, akafungua kulabu sita za ubavuni bila kuangalia, kifua chote kikageuka nje kama mlango wa kabati. Mwamuzi mkuu akavaa miwani na kuingiza kichwa.

"Mshono huu mbona umepinda?"

"Sponji inarudi ikipoa. Ningeushona wima, begani pangepasuka akiinua mkono. Nimeupa nafasi."

"Na bitana?"

"Pamba. Nailoni ingemchemsha."

"Ungemwacha achemke," mama mkwe alisema.

Mwamuzi alikaa humo ndani muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kila mshono. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. "Lakini fomu ina jina la huyu," alisema.

"Basi aulizwe huyu." Fundi akakirudisha kifua mahali pake, akafunga kulabu, kisha akaegemea kwenye kofia na kunong'ona. "Kaka, Bosi yuko hapa. Ana nguvu. Nimwite akusaidie kuvua?" Akarudi nyuma hatua moja na kupaza sauti. "Malkia, nani alikushona?"

Ndani ya kofia palikuwa na joto, jasho, na mahesabu. Meneja aliwahi kutoka kwenye mikono ya askari kwa maneno matatu, na ya mahakimu kwa matano. Siku hii hakuruhusiwa hata moja. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, na mwerevu wetu alikuwa mashakani akiwa na mkia.

Gando la kulia likapanda taratibu, likamwonyesha Fundi.

Ukumbi ukalipuka. Mwamuzi kijana akaongeza alama nyingine za uhusika. Mwamuzi mkuu akafuta jina kwenye fomu, akaandika jingine. Fundi alipoifikia cherehani aliigusa sindano moja baada ya nyingine mpaka ya kumi na mbili.

"Hiyo yangu!" Bosi wa Simu alipiga kelele. "Meneja aliniahidi! Sponji zangu! Taa zangu!"

"Meneja ni nani?" mwamuzi aliuliza.

Malkia Nge alikuwa anatazama mabati.

"Meneja ni mtu ambaye leo nitamfundisha kazi," Bosi alisema, akaondoka anafoka. Kwa kuwa alijua kwamba Meneja hawezi kukosa kupita kwa Fundi kuifuata cherehani, alielekea huko kumsubiri.

"Dada Fundi," kofia ilinong'ona nje, kwenye maegesho. "Nifungue."

"Hapa? Mbele za watoto? Nyumbani, kaka."

Ila pikapu ilijaa. Cherehani ilichukua nafasi yote, na kiti cha mbele mama mkwe alikuwa ameshanyoosha mguu. Malkia Nge akarudi kwa miguu, jua la saa nane, katikati ya mji. Waliompiga picha walikuwa wengi. Mama mmoja alimpa mtoto wake amshike, mtoto akalia. Hakuna teksi iliyomkubali, na hakuwa na ulimi wa kubembeleza.

Alipofika, cherehani ilikuwa imeshawekwa karibu na dirisha. Malkia aliingia upande upande, miguu mitatu ikigoma mlangoni. Alipofaulu kuingia mzima mzima ndipo alipomwona aliyeketi kwenye benchi na glasi ya maji. Alitaka kugeuka. Chumba hakikuruhusu.

"Karibu, Malkia," Fundi alisema. "Zamu yako."

Bosi akamtazama kwa huruma. "Huyu mgeni naye katapeliwa maskini. Sijui atarudije kwao. Bahati mbaya haelewi lugha yetu."

"Anaelewa," Fundi alisema.

Akapanda juu ya stuli, nyuma ya mgongo wa magamba. Kulabu ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu, zote za shingoni. Hapo akasimama.

"Za chini?" kofia iliuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Za chini baadaye. Nina masweta ya shule."

Akaishika kofia kwa mikono miwili na kuinyanyua polepole, kama mtu anayenyanyua kitambaa chenye pini. Taa mbili za macho zikazimika.

"Bosi," alisema, "nadhani ulikuwa unamtafuta Meneja."

Glasi ikawekwa chini. Fundi akashuka kwenye stuli, akaketi mbele ya dirisha, akaanza kutia uzi kwenye sindano ya kwanza.